Kitako cha mtutu mnene kwenye bunduki ya mtutu mwembamba: kisa cha Remington 700 iliyokuwa inapandisha risasi

Kuna kazi ya bunduki nimeimaliza huku Maine na nataka niieleze yote bila kuruka, kwa sababu naona ndugu zetu wengi walioanza kuwinda huku Marekani wanaangukia shimo hili hili. Mtu anapata kitako kizuri cha mbao kwa bei nafuu, namaanisha mbao nzima ya bunduki kuanzia begani mpaka chini ya mtutu, kimetolewa kwenye bunduki ya mtutu mnene, anakifunga kwenye bunduki yake ya mtutu mwembamba, skrubu zinaingia vizuri kabisa, halafu anaangalia pale mbele anaona nafasi kubwa pande zote za mtutu na kitu cha kwanza kinachomjia kichwani ni kuiziba. Sasa kuiziba vile wanavyoziba watu ndiko kunakoharibu. Nafasi yenyewe haina kosa lolote.

Bunduki yenyewe ni Remington 700, kaliba .308 Winchester, mtutu wa inchi 22 mwembamba wa kuwindia, ule wa kutembea nao msituni bila kuchoka bega. Mwenyewe ni mzee wa Kongo, mtu wa Bukavu, anawinda kulungu kila Novemba na nyama inaliwa na familia nzima mpaka majirani. Kitako chake cha plastiki kilichokuja na bunduki hakukipenda, akanunua kwa mtu kitako cha wolnati kilichotoka kwenye Remington 700 nyingine ya mtutu mnene, ile wanayotumia kupiga wanyama wadogo mbali. Na kweli kilikuwa kitako kizuri, nyuzi za mbao zimenyooka, rangi imeiva, hakina ufa.

Kwanini kinaingia? Remington 700 iko sokoni tangu 1962, na bodi yake, namaanisha kile chuma cha katikati chenye namba ambacho bolti inaingia, ile fimbo ya chuma inayosukuma risasi ndani na kufunga nyuma yake, kwa kaliba ambazo risasi zake zina urefu mmoja ni ile ile, uwe umefunga mtutu mnene au mwembamba. Matundu ya skrubu mbili yako pale pale, triga iko pale pale, magazini pale pale. Tofauti yote iko mbele, kwenye ule mfereji uliochongwa kwenye mbao ili mtutu ulale ndani.

Na hapa kuna kitu lazima kieleweke kabla ya kushika patasi. Mitutu hii miwili karibu na bodi haitofautiani sana, maana pale ndipo risasi inapowakia na chuma lazima kiwe kinene kwa yote. Tofauti inakua kadiri unavyokwenda mbele, kwa sababu mtutu wa kuwindia unapungua haraka na ule mnene unapungua polepole. Kwa hiyo nafasi sio sawa sawa. Kwenye bunduki hii nilipima kwa kalipa, karibu na bodi nafasi haikufika hata milimita moja kila upande, lakini kwenye ncha ya mbele ya kitako mfereji ulikuwa na upana wa milimita 24 na mtutu pale una 17.5, yaani zaidi ya milimita tatu kila upande, na chini vile vile. Kidole hakiingii, ila mwanya unaonekana waziwazi. Ukiangalia kutoka mbele inaonekana kama bunduki imevaa koti la kaka yake, na hilo ndilo lililomkera mzee.

Akaziba. Alikata vipande vya mpira wa ndani wa tairi akavipanga kwenye mfereji, juu yake akamwaga silikoni ya madirishani, akafunga bunduki ikiwa bado mbichi ili ijae vizuri, ikakauka imeushika mtutu kuanzia katikati mpaka mbele. Kwa macho ilitoka safi. Shida ikaanza kwenye kulenga. Risasi ya kwanza kwenye yadi 100 inakaa, ya pili inakaa jirani, ya tatu inapanda na kwenda kulia, ya nne inapanda zaidi. Anaacha inapoa, anarekebisha skopu, ile darubini ya kulengea, kesho yake asubuhi kwenye baridi risasi ya kwanza iko chini tena. Akabadilisha risasi, akabadilisha vishikio vya skopu, akaambiwa na watu skopu imekufa, akawa anataka kununua nyingine ya bei mbaya. Bahati nzuri mwanaye akamwambia kuna fundi mmoja wa Tanzania anaongea Kiswahili, mpelekee kwanza.

Nikamsalimia shikamoo, nikamuuliza taratibu mzee kilibadilika nini kabla haijaanza hivi, akasema ni kitako tu. Basi. Bunduki iliyokuwa inapiga vizuri, ikabadilishwa kitako, ikaanza kutembea, usianze kutafuta kwenye skopu. Anza na kilichobadilika.

Nikatoa bolti, nikaangalia chumba cha risasi nyuma ya mtutu na magazini kwa macho na kwa kidole, hakuna risasi, na risasi zote nikazipeleka mbali na meza. Hii naifanya hata bunduki ikiwa imetoka mikononi mwangu dakika moja iliyopita na wala sioni aibu kuirudia mbele ya mteja. Halafu nikafanya kipimo kimoja rahisi ambacho kila mtu anaweza kukifanya mezani, unaweka ncha ya kidole kwenye mpaka wa mtutu na ncha ya kitako, kidole kinagusa vyote viwili kwa pamoja, halafu unalegeza skrubu ya mbele ya bodi polepole na kuikaza tena. Kama bodi imelala vizuri na hakuna kinachosukuma, kidole hakisikii kitu. Hapa mtutu uliinuka, niliusikia waziwazi, ile silikoni na mpira vilikuwa vimebanwa kama springi na skrubu ndiyo inayovishikilia chini. Kwa hiyo kila ukikaza skrubu tofauti kidogo, mtutu unasukumwa tofauti, na risasi inakwenda kwingine.

Nieleze sasa kwanini hii ni mbaya, maana mzee aliniuliza na swali lake ni la haki, "Mutoto yangu, ile mpira iko laini, inaweza aje kusukuma chuma?"

Mtutu ukipigwa risasi unatikisika, hauonekani kwa macho lakini unatikisika urefu wote, na bunduki inayolenga vizuri ni ile ambayo mtutu wake unatikisika kwa namna moja kila mara. Haihitaji kutulia, inahitaji kurudia. Sasa ukiweka kitu kinachogusa, mtikisiko unabadilika, na kama mguso wenyewe unabadilika badilika basi risasi nazo zinabadilika. Na mpira unabadilika kwa kila kitu. Baridi ya Maine Novemba unakuwa mgumu, mtutu ukipata moto unalainika, ukivuta mkanda wa bunduki mbele ya kitako inapinda kidogo na kuukandamiza zaidi upande mmoja. Halafu kuna joto la chuma. Chuma cha mtutu kinarefuka kama sehemu 12 kwa milioni ya urefu wake kwa kila digrii moja ya Selsiasi, kwa hiyo mtutu wa inchi 22, yaani kama milimita 559, ukipanda digrii 60 unarefuka kama milimita 0.4. Ni kidogo, lakini ukiwa umegandishwa na silikoni kwenye mbao isiyorefuka, ule urefu unatafuta pa kwenda na unageuka kuwa msukumo. Na mtutu mwembamba ndio unaoteseka zaidi, kwanza unapata moto haraka kwa sababu chuma ni kidogo, pili ni rahisi kuupinda. Mtutu mnene ungeweza kuvumilia upuuzi huu kwa risasi kadhaa, mwembamba hauvumilii.

Hii tabia ya mtutu mwepesi kugombana na mbao sio ya leo. Waingereza walitengeneza Lee-Enfield No. 5 kuanzia 1944 mpaka 1947, ile fupi yenye koni ya kuficha mwako mdomoni, iliyotumika Malaya na hata Kenya wakati wa hali ya hatari miaka ya 1950. Walichukua Lee-Enfield No. 4, wakapunguza mtutu urefu na uzito, wakachonga chuma cha bodi sehemu kadhaa, wakakata mbao ya mbele, na bunduki ikapata jina baya la kuhamisha shabaha, unailenga leo inakaa, kesho imehama. Mpaka leo watu wanabishana chanzo kilikuwa wapi hasa na mimi sitaamua ubishi huo, ninachosema ni kwamba ukigusa unene wa chuma umegusa na mbao, hivi vitu viwili haviachani.

Turudi mezani. Nikang'oa silikoni yote kwa kijiti cha mbao, sio kwa bisibisi, mtutu una rangi yake na hakuna sababu ya kuukwaruza. Mpira ukatoka. Nikasafisha, nikafunga bunduki na nafasi yake kubwa ile ile, skrubu za bodi nikazikaza kwa inchi-paundi 40, hicho ni kipimo cha nguvu ya kukaza, kitako hiki ni mbao tupu hakina nguzo za alumini ndani na ukikaza 65 kama wanavyofanya wenye kitako cha alumini utaponda nyuzi za mbao. Tukaenda kupiga. Risasi zikarudi kukaa pamoja, mtutu ukiwa baridi na ukiwa wa moto, ile safari ya kupanda kulia ikakata kabisa. Kama ingekuwa yangu ningeishia hapo hapo. Nilimwambia mzee wazi, bunduki yako imepona, nafasi hii haipunguzi usahihi hata kidogo, ukitaka iache.

Kabla ya kuiacha nilijaribu kitu kingine ambacho naona ni haki kukijaribu kwenye mtutu mwembamba. Mitutu mingine myembamba inapenda kuegemezwa, na Remington wenyewe bunduki zao nyingi za kuwindia zilitoka kiwandani na kakinundu mbele ya mfereji kanakousukuma mtutu kwenda juu. Kwa hiyo kabla ya kuamua mtutu uelee moja kwa moja, yaani usiguse mbao popote mbele, unakata vipande vya kadi ya biashara, unaviweka pale kwenye ncha, viwili vitatu mpaka viusukume kidogo, unapiga, unalinganisha. Kwenye bunduki hii kadi hazikuongeza chochote, kwa hiyo uamuzi ukawa rahisi, mtutu utaelea. Ila fanya jaribio hili kabla ya gundi maana kadi inatoka kwa vidole, gundi haitoki.

Mzee akafikiria akasema bado anataka nafasi ipungue. Sababu zake zilikuwa mbili, moja ni kwamba haipendezi, na hiyo naikubali kabisa, bunduki ni kitu unachokishika miaka na jicho lina haki yake, ya pili vijiti vya msituni vinaingia na kukwama kati ya mtutu na mbao. Hiyo ya pili ni kweli nusu. Kijiti kikikwama kinagusa mtutu sawa sawa na ule mpira, lakini hata ukipunguza nafasi mpaka milimita moja na nusu, majani ya misonobari bado yataingia. Nikamwambia hivyo hivyo, akaelewa, akasema fanya.

Njia ambayo watu wengi wanaifuata ni epoksi, ile gundi ya kuchanganya inayokauka ngumu. Unazungushia mtutu tepu ya umeme, tepu ya kawaida ina unene wa kama milimita 0.18 kwa hiyo mizunguko minane inakupa karibu milimita moja na nusu, unapaka nta ya viatu juu yake ili isishike, Kiwi ile ile isiyo na rangi tunayoijua sote, unajaza epoksi kwenye mfereji, unalaza mtutu, unasubiri, unatoa, unavua tepu na nafasi inabaki sawa pande zote. Ni njia nzuri kwa nafasi ndogo. Kwa nafasi ya milimita tatu chini na pembeni sikuipenda, epoksi nyingi mahali pamoja inachemka yenyewe wakati inakauka na ikipoa inajivuta, na ukiangalia kutoka juu utaona kamba mbili nyeusi za plastiki kando ya mbao nzuri ya wolnati. Njia nyingine ni kubandika vipande vyembamba vya mbao kwenye kuta za mfereji, lakini kwa sababu nafasi inapungua kwenda nyuma, vile vipande lazima viishie na ncha nyembamba sana, na ncha ile ikipata unyevu inanyanyuka na kwenda kugusa mtutu. Utakuwa umerudi ulikotoka.

Kwa hiyo nikachagua kazi ndefu, kutoa mbao na kurudisha mbao. Kitako cha mtutu mnene kina faida moja, mbele ni kipana, hiki kilikuwa na milimita 56, kuna nyama ya kutosha ya kuchezea. Nikaupanua mfereji kuwa wa pembe nne, ukuta wima na sakafu bapa, nikaacha kama milimita 40 za mbao ya zamani mbele ya ile lagi ya chuma inayopokea teke la bunduki. Pale sikugusa, ndipo bodi inapopata makao yake na ukipaharibu utakuwa na kazi nyingine kubwa kuliko hii. Halafu nikatengeneza kipande kimoja cha wolnati kinachoingia kwenye ule mfereji kwa kusukumwa na kiganja, sio kwa nyundo. Mbao bapa ikikutana na mbao bapa gundi inashika kuliko mbao yenyewe, na hakuna ncha nyembamba mahali popote.

Kipande chenyewe kilikaa karakana pamoja na kitako muda mrefu kabla ya kugundishwa. Hii haina njia ya mkato. Mbao iliyotoka duka lenye joto na mbao iliyokaa kwenye gereji yenye unyevu zikigundishwa pamoja, moja itavimba au kusinyaa na nyingine itabaki, na kitako kitapinda. Nyuzi za kipande zilikwenda sambamba na nyuzi za kitako, na nilikigeuza mara nyingi kwenye mwanga mpaka nikapata upande ambao mistari yake inaendelea na ya kitako, ukiangalia kutoka juu mpaka uambiwe ndio unauona ule uzi wa gundi. Mimi nimekulia kwenye useremala, mbao za kwetu nilizojifunzia ni mninga na mvule, na wolnati inafanana na mninga kwa namna inavyokubali patasi kali na kukataa patasi butu.

Kabla ya gundi nilifuta mfereji kwa asetoni mara kadhaa mpaka kitambaa kikatoka safi. Vitako vya zamani vinakunywa mafuta ya bunduki miaka yote, hasa vile vilivyosimamishwa kabatini mdomo juu, na gundi haishiki kwenye mafuta. Nikatumia epoksi inayokauka polepole, nikabana kwa klempu nyingi zenye nguvu ndogo badala ya chache zenye nguvu kubwa, nikaacha.

Kuchonga mfereji mpya ndiyo sehemu ninayoipenda. Mstari wa katikati ya mtutu haubadiliki, unaamuliwa na bodi, kwa hiyo huchongi kwa kukisia, unafuata chuma. Nilitoa mbao nyingi kwa patasi ya mviringo, halafu nikaanza kupaka mtutu masizi, unalaza bodi kwenye kitako, unagonga kidogo kwa kiganja, unainua, pale palipo peusi ndipo panapogusa, unakwangua hapo tu, unarudia. Mafundi wa zamani walitumia masizi ya taa ya mafuta, mtu yeyote aliyewahi kusafisha chemni ya taa anajua yanavyoshika na kuchafua kila kitu, ndio maana yanafaa. Mtutu ulipolala mahali pake bila kusukumwa, nikachukua fimbo ya mbao ya mviringo, nikaizungushia msasa, nikawa napanua sawa pande zote. Shabaha yangu ilikuwa milimita moja na nusu kila upande kuanzia pale mbao mpya inapoanzia hadi kwenye ncha.

Wengi wanapima kwa noti. Wanaingiza noti ya dola chini ya mtutu, ikipita mpaka kwenye bodi wanasema mtutu unaelea. Noti ina unene wa kama milimita 0.1, na kipimo hicho kinasema tu kwamba mtutu haugusi wakati bunduki imelala mezani na hakuna anayeivuta. Mwindaji hapigi hivyo. Anavuta mkanda, anaegemeza kitako kwenye tawi, anafunga mbele miguu miwili ya kusimamishia bunduki, na kila moja inapinda mbao. Nilichofanya ni kuweka noti halafu kuukandamiza mtutu na ncha ya kitako kwa mkono, kwa nguvu, kushoto, kulia na chini, noti bado inateleza. Kwa milimita moja na nusu hilo halina wasiwasi, kwa nafasi ya noti moja lingefeli mara ya kwanza.

Nikiwa nimeshafungua kila kitu niliilaza bodi kwenye epoksi pale kwenye lagi, kazi ndogo. Kitako kilichotoka bunduki nyingine hakijawahi kuzaliwa na bodi hii, na nafasi nyuma ya lagi ilikuwa inaonekana, yaani teke la bunduki lilikuwa linaisogeza bodi nyuma kabla haijakutana na mbao. Tepu mbele ya lagi, pembeni na chini yake, nyuma hakuna tepu kwa sababu pale ndipo panapotakiwa kubana. Nta ya viatu kila mahali pa chuma mpaka ndani ya matundu ya skrubu, hakikisha, kwa sababu epoksi ikiingia tundu la skrubu bila nta unaigandisha bunduki kwenye kitako milele. Matundu mengine kwenye bodi nikayaziba kwa plastisini ya watoto.

Halafu kuziba mbao. Watu wanapaka mafuta nje mpaka kitako kinang'aa na ndani ya mfereji wanaacha mbao uchi kwa sababu haionekani. Maji hayajali kinachoonekana. Ndani nilipaka epoksi nyepesi iliyozimuliwa, nikasugua, nikapaka tena, na ncha ya mbele ambako nyuzi zimekatwa ndiko nilikoweka zaidi maana huko ndiko mbao inakunywa. Nje nikarudisha mafuta ya kitani yaliyochemshwa, mkono mtupu, kidogo kidogo. Baada ya hapo nikapima tena nafasi, kwa sababu epoksi na mafuta navyo vina unene.

Bunduki imepiga sawa na ilivyopiga siku ile tulipotoa mpira. Narudia, sawa, sio bora. Mbao mpya haikuongeza usahihi na mzee hakudanganywa kwamba itaongeza, alilipia kitako kinachokaa mkononi vizuri na jicho lake limeridhika. Kama huna mapenzi na kitako chenyewe, gharama ya kazi hii haina maana, tafuta kitako kingine ambacho mfereji wake ulichongwa kwa mtutu wa kuwindia, vipo vingi sana vya Remington 700 na vinaingia siku hiyo hiyo.

Kwa wanaosoma wakiwa nyumbani, huku Marekani sheria ya shirikisho inaihesabu bodi yenye namba kuwa ndiyo bunduki, kitako na mtutu ni vipuri, na mtutu wa bunduki kama hii usipungue inchi 16. Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Kenya kuna sheria ya silaha Sura ya 114, na huko hata kama ni kuchonga mbao tu, bunduki inatakiwa iende kwa fundi mwenye kibali na isilale karakana ya mtu asiye na ruhusa ya kuwa nayo.

Kitu cha mwisho nilichokifanya kabla ya kumkabidhi ni ile skrubu ya kushikia mkanda pale mbele. Ya zamani ilikuwa ndefu kupita kiasi, ilipita kwenye kipande kipya na kutokeza ndani ya mfereji mpya karibu kabisa na mtutu. Nikaikata, nikailainisha kwa tupa, nikairudisha na epoksi kidogo, ncha yake imeishia milimita mbili chini ya sakafu ya mfereji. Mzee akaambiwa aangalie skrubu za bodi kwa inchi-paundi 40 baada ya risasi za kwanza na tena majira yakibadilika, na akipata kijiti kimekwama akitoe kwa uzi wa kitambaa, sio kwa kisu.